Taipureta ya Nyanya na Bunduki za Mitutu Miwili

Kabla sijatia nanga kwenye mada, naomba niwatoe hofu walimu wetu, hasa mwalimu wa nidhamu, ambaye aliposoma kichwa cha makala haya aliniita ofisini na kuniuliza mara mbili kama nyumbani kwetu kuna mambo. Hakuna, mwalimu. Sijawahi kushika bunduki wala sina haja nayo. Nchini mwetu kumiliki bunduki bila leseni ni kosa kubwa, na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, hata mama yangu hajazaliwa. Ninachotaka kuwaeleza ni habari ya watu wa Marekani wanaokusanya bunduki kuukuu za mitutu miwili. Habari hiyo niliijia kwa njia ya machungu, yaani kwa kuharibu taipureta ya nyanya yangu.

Nyanya hupiga taipu nje ya ofisi ya ardhi. Huwapigia watu mikataba ya kuuza mashamba, barua za kuomba kazi na barua za kulalamika, ambazo yeye husema ndizo nyingi zaidi. Mashine yake ni kubwa, nyeusi, nzito kama gunia la viazi, na mbele yake paliandikwa kwa rangi ya dhahabu: L. C. Smith & Bros. Aliipata mwaka wa 1979 kampuni aliyokuwa karani wake ilipofunga milango. Walimwandikia risiti, akaichukua badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Siku hizi za kompyuta wateja wamepungua, na karo yangu ilikuwa na deni. Basi akapita bwana mmoja kutoka Nairobi anayenunua vitu vya kale. Akaiona mashine, akaizunguka mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe, akaahidi kurudi Jumamosi na shilingi elfu ishirini.

Mimi, kwa wema wangu, nikaona nimsaidie nyanya. Ijumaa baada ya masomo nilinunua msasa na mkebe mdogo wa rangi nyeusi ya mafuta. Nikaisugua mashine ubavuni mpaka chuma kikang'aa, kisha nikapaka rangi kila mahali, hata juu ya yale maandishi ya dhahabu, maana yalikuwa yamechubuka na niliona yanatia aibu. Jioni nikasafisha mtoto wa meza, na karatasi zilizokuwa humo, za manjano, zimeliwa na mende, nikazitumia kuwashia jiko.

Jumamosi yule bwana alifika. Alisimama mbele ya meza bila kusema neno, kama aliyekuja matangani.

"Mama, nani amefanya haya?"

"Mjukuu wangu," nyanya akajibu kwa fahari. "Si imependeza?"

"Imechunwa ngozi, mama. Na ile risiti ya 1979 uliyoniambia?"

Nyanya akafungua mtoto wa meza. Mimi nikatazama chini. Bei ikaanguka hadi elfu nne. Nyanya alikataa, akaifunika mashine yake kwa leso. Lakini kabla ya kuondoka yule bwana alinigeukia akasema, "Kijana, unajua huyu Smith alitengeneza bunduki kabla ya taipureta? Huko kwao kuna watu wanaozikusanya. Mmoja wao angekuona na msasa wako angelia."

Maneno hayo yalinikaa rohoni. Jumatatu nikaenda maktabani, na nimekuwa huko kila saa ya mapumziko kwa takriban muhula mzima.

Ni kweli. Lyman Cornelius Smith alikuwa na kiwanda cha bunduki mjini Syracuse, jimbo la New York. Alikuwa na fundi aliyeitwa Alexander Brown, ambaye alibuni mitambo ya bunduki hizo, na fundi huyo huyo akabuni pia mashine ya kupigia taipu. Katika miaka ya 1880 Smith aliona kwamba dunia itaandika zaidi ya itakavyowinda. Mwishoni mwa miaka hiyo aliuza kazi ya bunduki kwa ndugu wa ukoo wa Hunter waliokuwa mji wa Fulton, akabaki na taipureta. Mwaka wa 1903 yeye na ndugu zake walifungua kampuni mpya ya taipureta, na hao ndio "Bros" wa mashine ya nyanya. Hata hivyo bunduki ziliendelea kubeba jina la L. C. Smith kwa miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki mwaka wa 1910.

Sasa tuingie darasani. Bunduki ninayoizungumzia haipigi risasi moja kama ya askari. Hupiga marisau, yaani vidonge vingi vidogo vya risasi vinavyotawanyika hewani, na ndiyo sababu ilitumiwa kwa ndege na sungura. Mitutu yake imelala ubavu kwa ubavu kama mapacha kitandani. Bunduki huvunjika katikati kwa bawaba, unatia kiasi kimoja katika kila mtutu, unaifunga. (Neno "kiasi" kwa maana ya ganda lenye baruti na marisau limo katika kamusi za zamani. Wanachama wa Chama cha Kiswahili walitie akilini.) Bibi zetu walijua gobori, linaloshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Hii ni mjukuu wa gobori.

Upana wa mtutu hupimwa kwa namna iliyonishangaza. Mtu akisema bunduki ni ya namba 12, maana yake ukichukua ratili moja ya risasi, ambayo ni kama gramu 453, ukaigawa ukapata tufe 12 zilizo sawa, tufe moja itaenea sawasawa ndani ya mtutu. Kwa hiyo namba ikipanda, mtutu unazidi kuwa mwembamba. Ya namba 10 ni pana kuliko ya 12, na ya 28 ni nyembamba sana. Mwalimu wa Hisabati anaweza kutuulizia hilo katika mtihani. Kwa mkusanyaji, jambo hili si hesabu tu. Wamarekani wengi walinunua namba 12, basi hizo zimejaa. Ya 28 ya kiwanda kile kile na mwaka ule ule huweza kuzidi bei ya ndugu yake mara kadhaa, kwa sababu tu wachache waliitaka zamani.

Katika wakusanyaji hakuna jina linalotajwa kwa heshima kama Parker. Charles Parker wa Meriden, jimbo la Connecticut, alianza kwa kutengeneza visagio vya kahawa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) vikamfanya atengeneze bunduki za jeshi, na vita vilipokwisha akageukia za mitutu miwili. Kuanzia wakati huo hadi 1942 zilitengenezwa kama 242,000. Utasema, mbona nyingi hivyo, uhaba uko wapi? Uhaba uko katika daraja. Parker za chini, kama ile ya bei nafuu waliyoiita Trojan, zilikuwa za mkulima. Nakshi yake kidogo au hakuna. Kadiri ulivyopanda ngazi ndivyo nakshi ilivyozidi, mbao zikawa za mjozi wenye mawimbi, na idadi ikapungua. Juu kabisa kuna ile waliyoiita Invincible, maana yake isiyoshindika. Zinazojulikana ni tatu tu duniani. Na kuna Parker moja ya daraja la juu iliyotengenezwa kwa ajili ya Nikolai wa Pili, mfalme wa Urusi, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka mwaka wa 1914 na bunduki haikuvuka bahari. Mfalme mwenyewe, kama tulivyosoma katika Historia, aliuawa mwaka wa 1918.

Wengine nitawapitia mbio. Daniel Lefever, pia wa Syracuse, mwaka wa 1878 alitoa bunduki isiyo na nyundo za nje, jambo jipya Marekani wakati huo. Ithaca ilikuwa katika mji wa jina hilo hilo. Winchester ilichelewa, ikatoa Model 21 mwaka wa 1931 wakati uchumi umeanguka na watu hawana hela ya chakula, sembuse bunduki. Fox wa Philadelphia nitamrudia, maana ana neno na sisi.

Kwa nini zilikwisha? Kwa sababu ya mikono. Bunduki ya mitutu miwili iliyo nzuri ilihitaji fundi wa kulinganisha mitutu, fundi wa tupa, fundi wa mbao na fundi wa nakshi, kila mmoja kwa siku zake. Mwaka wa 1897 Winchester ilitoa bunduki ya mtutu mmoja ya kuvuta na kusukuma, iliyobuniwa na John Browning, ambayo ilikaa na viasi vitano na ilitengenezeka kwa mashine. Mkulima akaona heri hiyo. Kisha ukaja mwanguko wa uchumi wa mwaka wa 1929, kisha vita. Parker iliuzwa kwa Remington mwaka wa 1934 na baada ya miaka minane ikazimika.

Sasa nije kwenye somo lililoniuma, yaani msasa. Sehemu ya katikati ya bunduki hizi, pale mitutu inapokutana na mbao, ilipikwa. Walikitia chuma ndani ya sanduku pamoja na makaa ya mifupa, wakakipasha moto mkali, kisha wakakitumbukiza katika maji baridi. Ngozi ya juu ikawa ngumu, na juu yake zikatokea rangi za samawati, kahawia na manjano zilizochanganyika kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji barabarani. Rangi hizo ni nyembamba sana. Jua huzifuta, kiganja cha mkono huzifuta. Bunduki ya miaka 110 ambayo bado ina rangi hizo hufanya watu wazima watetemeke mnadani. Basi anakuja mrithi, mtu mwema kama mimi, anaona babu aliacha bunduki iliyochakaa. Anaipiga msasa, anaitia rangi, anapaka mbao vanishi. Siku moja tu, na thamani imekatwa nusu au zaidi. Hata fundi hodari akiipika upya kwa njia ile ile ya mifupa, mkusanyaji ataandika kwamba imerudiwa, na bei itashuka. Wana msemo wao kwamba kitu huwa cha asili mara moja tu. Laiti ningalijua Ijumaa ile!

Mkusanyaji huangalia mengine pia. Huangalia midomo ya mitutu: ikiwa haigusani na kuna nafasi katikati, inawezekana mtu aliikata kwa msumeno zamani. Mitutu ikikatwa, ule mbano wa mwisho unaoyafanya marisau yaende pamoja hupotea. Huangalia namba kwenye mitutu, kwenye chuma cha katikati na kwenye chuma kilicho chini ya mkono wa mbele. Zisipolingana, hiyo ni bunduki iliyounganishwa kama matatu ya vipuri vya gereji. Na wapo walaghai wanaochukua bunduki ya daraja la chini wakaichonga nakshi za daraja la juu. Ndiyo maana karatasi huwa na nguvu. Daftari za kiwanda cha L. C. Smith zimehifadhiwa katika makavazi ya silaha mjini Cody, jimbo la Wyoming. Ukiwa na namba ya bunduki unaweza kuomba barua inayosema ilitoka kiwandani lini na ikiwa ya namna gani. Nakshi ikisema daraja la tano na barua ikisema la kwanza, mnunuzi anafunga mkoba wake.

Kuna jambo moja la hatari ambalo sharti niliseme. Bunduki nyingi za karne ya 19 zina mitutu ya Dameski. Mafundi, wengi wao wa Ubelgiji, walisokota fito za chuma laini na chuma cha pua pamoja, wakazizungusha kwenye nondo na kuziunga kwa nyundo na moto. Mtutu ukatoka na mistari ya kupindana, mizuri kama ukili wa rangi mbili. Lakini ilifanywa kwa baruti nyeusi ya zamani. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina msukumo wa namna nyingine, na mtutu uliooza ndani usionekane unaweza kupasuka, na mkono wa kushoto uko hapo hapo. Wakusanyaji wengi huzitundika tu ukutani.

Sasa Fox. Ansley Fox alitengeneza bunduki zake Philadelphia kuanzia mwanzo wa karne ya 20. Fox ya kawaida waliyoiita Sterlingworth bado hupatikana kwa dola elfu moja au mbili. Lakini ipo Fox moja ya daraja la juu kabisa aliyompa zawadi Theodore Roosevelt, ambaye alimaliza urais wa Marekani mwezi Machi 1909. Tarehe 21 Aprili mwaka huo Roosevelt alishuka Mombasa, bunduki hiyo ikiwa miongoni mwa mizigo yake. Alipanda reli, akakaa mbele ya injini ili aone wanyama, akashuka Kapiti, upande huu wetu wa nyanda za Machakos. Safari ilipita Nairobi, Naivasha, Mlima Kenya, ikaingia Uganda na kuishia Khartoum mwaka wa 1910. Kusudi lake lilikuwa kupeleka vielelezo vya wanyama katika makavazi ya Smithsonian, ingawa kwa maoni yangu idadi waliyoua, yeye na mwanawe Kermit, zaidi ya wanyama wakubwa 500, ilipita haja ya makavazi yoyote. Mwezi Oktoba 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani katika jimbo la Maine kwa dola 862,500. Kwa viwango vya siku hizi hizo ni zaidi ya shilingi milioni mia moja. Wakati huo hapakuwa na bunduki ya marisau iliyowahi kuuzwa mnadani kwa bei kubwa hivyo.

Nilifikiri juu ya bei hiyo nikiwa natembea kurudi nyumbani. Chuma ni kile kile, mbao ni zile zile. Kilichonunuliwa ni habari: barua, picha, kitabu alichoandika mwenyewe, namba iliyoandikwa. Kila hatua ya bunduki hiyo inajulikana. Lakini bunduki haikutembea yenyewe kutoka Kapiti. Roosevelt aliwataja katika kitabu chake baadhi ya wabeba bunduki: Kongoni, Gouvimali, Juma Yohari. Wapagazi walikuwa wapata mia mbili, na karibu wote hawana jina popote. Tunajua namba ya bunduki iliyobebwa, hatujui aliyeibeba.

Hapo ndipo nilipokumbuka risiti. Nilimuuliza nyanya iliandikwa nini. Akasema iliandikwa jina lake kamili, majina matatu, na chini yake "karani mkuu". Ilikuwa karatasi ya pekee iliyobaki kutoka ile kampuni inayosema kwamba aliwahi kuwa karani mkuu. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua maharagwe. Heri angenigombeza.

Nisije nikawapamba wakusanyaji kupita kiasi. Nyuma ya bunduki hizi kuna manyoya mengi. Karne ya 19 Amerika Kaskazini ilikuwa na njiwa wa porini wahamao kwa mabilioni, wakitia giza mchana wakipita. Wawindaji wa biashara waliwaua kwa bunduki na kwa nyavu, wakawajaza mapipani na kuwapeleka mijini kwa reli. Njiwa wa mwisho, aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama mjini Cincinnati. Mkusanyaji mkweli hulisema hili pia anapoonyesha bunduki yake.

Na sheria? Kwa sheria ya Marekani ya mwaka wa 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka wa 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale na haina masharti mengi ya serikali kuu. Zilizopita miaka 50 zina leseni maalumu ya mkusanyaji. Lakini kichekesho ni Ithaca moja fupi, yenye mitutu iliyokatwa kiwandani kwa makusudi, iliyouzwa kuanzia 1922 kwa ajili ya kufukuzia wezi. Sheria ya mwaka wa 1934 dhidi ya bunduki fupi ikaizima. Zilitengenezwa kama 4,500 tu, na leo isiyosajiliwa ni kesi mahakamani. Hivyo sheria iliyoiua ndiyo iliyoifanya iwe adimu.

Karo yangu tulilipa kidogo kidogo. Nyanya alipiga taipu mikataba saba mwezi wa Julai, na mama akaongeza. Taipureta ipo. Namba yake nimeiona upande wa chini, ambako rangi yangu haikufika, na nimeinakili daftarini pamoja na majina matatu ya nyanya, mwaka wa 1979 na cheo chake. Nyanya ametia sahihi. Na kuna jambo jingine: ubavuni nilipiga msasa, lakini mbele, kwa uvivu, nilipaka rangi tu. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kazi ya ziada, huwa natia kitambaa mafuta kidogo na kubandua rangi yangu kwa ukucha, pole pole, bila kitu chenye makali. Rangi yangu hutoka kwa magamba. Mpaka ninapoandika haya herufi L na C zimeonekana, na S, na mguu mmoja wa M.